Wembe, Wigi na Dripu

Daktari anapomweleza mgonjwa madhara ya kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa, nywele huja mwishoni. Kwanza hutajwa damu kupungua, kinga kushuka, kutapika na vidonda vya mdomoni. Kisha, kama nyongeza, anaambiwa kuwa nywele zitanyonyoka, zitaota tena, asiwe na wasiwasi. Mpangilio huo una mantiki yake, kwa kuwa upara haujapata kumuua mtu. Hata hivyo mgonjwa ana mpangilio wake. Mwaka 1983 watafiti wa Sydney, Australia, waliwaomba wagonjwa wenyewe wayapange madhara ya tiba kwa namna yalivyowatesa, na kupotea kwa nywele kukashika nafasi ya tatu, nyuma ya kutapika na kichefuchefu tu. Jibu la haraka ni kwamba huo ni urembo: mwanamke anaogopa kioo. Naona jibu hilo halitoshi popote, na kwa Afrika Mashariki linapotosha kabisa, kwa sababu hapa kwetu kichwa kitupu hakijawahi kuwa kitu kigeni. Watoto walinyolewa, wafiwa walinyolewa, vijana wa jando walinyolewa, na katika jamii kadhaa wanawake wazima walinyoa maisha yao yote bila mtu kuwahurumia. Basi iweje watu waliozoea wembe kiasi hicho waogope upara wa hospitali? Hoja yangu ni kwamba hawaogopi upara wenyewe. Wanaogopa upara usio na mnyoaji, usio na sababu inayoweza kutajwa hadharani, na usio na siku inayojulikana ya kuisha. Na hofu hiyo ina historia.

Tuanze na desturi. Kwa Waislamu wa pwani mtoto hufanyiwa akika siku ya saba: mnyama huchinjwa, kichwa hunyolewa, na ni sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele hizo. Upara wa kwanza wa maisha, kwa hiyo, unakuja pamoja na jina, chakula na wageni. Hija nayo ina hatua ya kunyoa au kupunguza nywele, mwanamume akiweza kunyoa zote na mwanamke akikata ncha tu. Kwa Wamasai nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu zilikuwa za morani, ilhali wanawake walinyoa. Na katika eunoto, sherehe inayowavusha morani kuelekea utu uzima, mama mzazi ndiye humnyoa mwanawe, na morani aliyejigamba kwa miaka hulia machozi mbele ya watu wote. Kwa Wajaluo kuna liedo, kunyoa kwa wafiwa siku chache baada ya maziko, na jamii nyingine nyingi za bara zina lao la namna hiyo: ndugu wa marehemu hukaa, hunyolewa, msiba hutangazwa kuwa umepita hatua fulani, na maisha huruhusiwa kuendelea. Pwani ilikwenda njia nyingine, kwa kuwa Uislamu unamkataza mwanamke kunyoa kwa ajili ya msiba; mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, huacha manukato na mapambo, na nywele zake zinabaki kichwani. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini mantiki iliyo chini yake ni ile ile. Kila upande ulijua nani amfanyie nini mfiwa, kwa sababu gani, na hadi lini.

Nguvu ya mkono unaonyoa ilionekana hata juzi tu. Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi masho, alikaa na misokoto yake ya msituni kwa miongo kadhaa baada ya uhuru wa Kenya. Ilipokatwa mwaka 2022 haikukatwa na kinyozi wa mtaani. Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza, ndiye aliyeshika mkasi, mbele ya watu na kamera. Wakenya walibishana sana juu ya tendo lile, wengine wakiliona heshima, wengine wakiuliza ni nani aliyempa mama huyo haki ya kulitenda. Kwa hoja yangu ubishi wenyewe ndio ushahidi. Watu hawakubishana juu ya nywele ndefu au fupi. Walibishana juu ya nani anyoe na ana maana gani anaponyoa.

Hapa msomaji makini atanikatiza, na ana haki. Atasema nimeipamba mila. Wajane wengi hawakuulizwa kama wanataka kunyolewa. Walikamatwa vichwa na wakwe, na wembe ukawa mwanzo wa mambo mabaya zaidi, kurithiwa na kunyang'anywa shamba yakiwemo. Magereza ya wakoloni yaliwanyoa wafungwa ili kuwavunja. Shule nyingi za serikali Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikiwataka wasichana wawe na nywele fupi kabisa, na wapo wanaoikumbuka amri hiyo kwa uchungu. Yote ni kweli. Sidai kwamba wembe wa zamani ulikuwa wa huruma. Nadai kwamba ulisomeka. Mjane aliyenyolewa kwa nguvu alijua nani amemnyoa na kwa nini, na kila aliyemkuta njiani alijua pia. Aliweza kumchukia aliyemnyoa. Aliweza kukataa, kama wajane wengi wa leo wanavyokataa, na kukataa kwake kukawa na maana. Dhuluma ina mtu nyuma yake. Dripu haina, na mgonjwa anayeamka asubuhi akakuta mto umejaa nywele hana wa kumlaumu wala wa kumshukuru.

Namna upara huu ulivyozaliwa inaeleza kwa nini ulikuja bila mnyoaji. Dawa za kwanza za kemo hazikutafutwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, wanafamakolojia Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wakichunguza kemikali za vita za jamii ya gesi ya haradali, wakagundua kuwa zinaua chembe nyeupe za damu. Wakamjaribishia mgonjwa mwenye uvimbe wa tezi za limfu, na uvimbe ukanywea kwa muda. Siri ya kijeshi iliifungia habari hiyo hadi 1946. Katikati yake, tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, kusini mwa Italia, na kuizamisha meli ya Marekani, John Harvey, iliyokuwa imebeba mabomu ya haradali kwa siri. Daktari Stewart Alexander, aliyetumwa kuchunguza vifo vya ajabu vilivyofuata, naye aliona chembe nyeupe za damu za majeruhi zimeangamia. Kutokana na sumu hizo zilizaliwa dawa kama saiklofosfamaidi, iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950 na ambayo bado iko katika dripu za leo. Na kama mtu anashuku kwamba kunyonyoka kwa nywele ni jambo dogo la pembeni, akumbuke kuwa mwaka 1969 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa kondoo dawa hiyo hiyo ili sufu ing'oke kwa mkono bila kukatwa. Dozi moja, siku chache, na mnyama anavuliwa kama shati. Walichokuwa wakikitafuta wafugaji ndicho wanachokiogopa wagonjwa.

Sababu ya kibayolojia ni rahisi kuieleza. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000, na takriban tisa katika kila kumi ziko katika hatua ya kukua. Chembe zilizo kwenye mzizi wa unywele unaokua hugawanyika haraka kuliko chembe nyingi za mwili, na dawa inayowinda chembe zinazogawanyika haraka haina macho ya kutofautisha uvimbe na unywele. Wiki mbili hadi tatu baada ya dripu ya kwanza nywele huanza kuachia, kwanza kidogo kidogo kwenye kitana, kisha kwa mafungu. Miongoni mwa dawa kali zaidi kwa upande huo ni doksorubisini, ile nyekundu inayowatisha wagonjwa hata kwa rangi, ambayo ukoo wake ulianzia kwa bakteria waliopatikana kwenye udongo karibu na ngome ya Castel del Monte. Ngome hiyo iko Puglia, mkoa ule ule wa Bari. Jiografia ina utani wake.

Afrika Mashariki iliingia mapema katika historia hii, tena si kama mtazamaji. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya ya watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliendesha gari zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Kampala kuelekea kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Muhimu zaidi kwetu ni kwamba uvimbe huo uliyeyuka kwa dawa kwa namna ambayo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa hawajazoea kuiona, na wakati mwingine dozi chache za saiklofosfamaidi zilitosha. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, kikafunguliwa kituo cha tiba ya limfoma mwaka 1967 kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, Charles Olweny akakiendesha, na hapo ndipo ilipotokea Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Sasa angalia vichwa vya wagonjwa wale. Walikuwa watoto, wengi wao kutoka vijijini, na mtoto wa kijijini katika miaka ya 1960 alikuwa na kichwa kilichonyolewa hata akiwa mzima wa afya: kwa sababu ya chawa, mapunye, joto, au shule. Mtoto aliyerudi nyumbani kutoka Mulago na taya lililonywea na kichwa kitupu alikuwa na habari moja tu ya kusimuliwa, na habari hiyo ilikuwa taya. Ndiyo maana naamini kizazi cha kwanza cha upara wa kemo katika eneo hili kilipita bila kuonekana. Upara ulikuwapo, ila ulitua juu ya vichwa ambavyo tayari vilikuwa na maelezo. Hofu ilikuja baadaye, tiba ilipohamia kwa watu wazima, hasa wanawake wenye saratani ya matiti, na ilipokuta kwamba maana ya kichwa cha mwanamke mjini imebadilika.

Mabadiliko hayo yana tarehe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku vilikuwa sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua na wigi. Utawala wa Amin nao ulizifuata wigi katika miaka ya 1970. Hoja ya wanaharakati ilikuwa kwamba nywele bandia ni utumwa wa akili, na sitaki kuibeza, maana viwanda vya urembo vya wakati huo kweli viliuza aibu ya kuwa mweusi. Lakini marufuku ile ilifanya jambo ambalo walioitunga hawakulikusudia. Ilifundisha umma kwamba nywele zisizo zako ni udanganyifu, na kwamba mtu wa mtaani ana haki ya kumhoji mwanamke juu ya kilicho kichwani pake. Wigi zilirudi, kama tunavyojua, na leo saluni za Kariakoo na za katikati ya Nairobi zisingeishi bila nywele za kuunganisha. Swali lile halikuondoka. Mgonjwa anayevaa wigi siku ya kwanza kazini hajui kama macho yanayomtazama yanasifia au yanakagua.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya mpaka kutoka Rakai, Uganda, ambako watu walikuwa wamekwisha kuona vijana wakikonda na kufa. Kwa zaidi ya miaka kumi kabla dawa hazijawafikia wengi, majirani walijifunza kupima kwa macho: uzito uliopungua, ngozi iliyobadilika, nywele zilizolegea, zikawa laini na chache. Elimu hiyo ya kuhukumu mwili kwa kuutazama haikufutika dawa zilipokuja. Mwanamke aliyekonda kwa kemo, mwenye kucha nyeusi na kichwa kitupu, hupita mbele ya macho yaliyofunzwa na janga jingine. Ndiyo sababu wagonjwa wengi huogopa safari ya daladala kuliko chumba cha dripu. Kwa babu zao kichwa kitupu kilikuwa jibu la swali. Kwao kinazalisha swali, na majibu yanayodhaniwa yote ni mabaya.

Mtu anaweza kunipinga kutoka pande mbili. Wa kwanza atasema: tazama mjini, wanawake wangapi wananyoa upara kwa hiari na kupendeza? Ni kweli wapo, na idadi yao inasaidia, lakini upara wao una nyusi. Kemo hula nyusi, kope na hata vinyweleo vya puani, kiasi kwamba makamasi hutiririka bila breki. Uso uliokosa nyusi hauwezi kusingizia mtindo. Wa pili atasema kwamba mwanamke wa Kiislamu, au yeyote anayejifunga ushungi, amekwisha kulindwa. Nje ya nyumba, ndiyo, na hiyo ni faida ya kweli ambayo hospitali za Ulaya hulazimika kuitengeneza kwa vilemba maalumu. Lakini ushungi huvuliwa mbele ya mume, watoto, mama mkwe na mashoga wa karibu, na kwenye kumbi za harusi za wanawake ambako nywele ndizo pambo la usiku. Ushungi humficha mgonjwa kwa wasiomhusu. Kwa wanaomhusu humwacha bila maelezo, na kwa kuwa siri imewezekana, wengi huichagua, kisha huibeba peke yao.

Lazima niseme pia kwamba sehemu ya hofu hii haina msingi, na hapa hospitali zina lawama ya kutoeleza. Ocean Road ya Dar es Salaam, ambayo jengo lake la Kijerumani ni la mwaka 1897 na ambayo ilifanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996, hupokea wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi. Wengi wao hutibiwa kwa mionzi ya nyonga. Mionzi hunyonyoa nywele za mahali inapopiga tu. Ikipiga nyonga, kichwa hakiguswi. Sisiplatini, dawa ambayo mara nyingi huambatana na mionzi hiyo, hupunguza nywele kidogo au isionekane kabisa. Mgonjwa wa matiti anayepewa doksorubisini na saiklofosfamaidi, kisha paklitakseli, yuko katika hali nyingine kabisa: huyo ajiandae kubaki bila nywele. Kuwaambia wote wawili kwa sentensi moja kwamba tiba ya saratani hunyonyoa nywele ni uvivu, na uvivu huo unaweza kumfanya mtu achelewe kuanza tiba. Ipo pia njia ya kupoza ngozi ya kichwa wakati dripu inaingia, ili mishipa ya damu isinyae na dawa ifike kidogo kwenye mizizi. Ripoti ya mwaka 1979 katika jarida la kitabibu la New England ilionyesha inaweza kusaidia, na Marekani iliruhusu mtambo wa namna hiyo mwaka 2015. Haifanyi kazi kwa kila dawa wala kwa kila mtu, haifai kwa saratani za damu, na humweka mgonjwa kitini muda mrefu zaidi kabla na baada ya dripu. Mahali ambapo viti havitoshi, si hapo pa kuweka tumaini kubwa.

Kilicho karibu zaidi ni wembe wenyewe. Wagonjwa wengi, hapa na kwingineko, hunyoa kabla nywele hazijaanza kuanguka au mara tu zinapoanza, katika zile wiki mbili tatu baada ya dripu ya kwanza. Wauguzi huwashauri hivyo kwa sababu za vitendo: kitanda hakijai nywele, ngozi haiwashi sana, mashine ni salama kuliko wembe mkavu kwa mtu ambaye kinga yake itashuka. Kwa macho ya historia tendo hilo ni kubwa kuliko ushauri wenyewe. Mgonjwa anachagua mkono wa kumnyoa: dada, mume, binti, shangazi. Anachagua siku, na kwa kuichagua analazimika kusema kwa nini. Kwa saa moja upara unarudi kuwa kitu chenye mnyoaji na sababu, na nyumba nzima inajua. Haihitaji mtu kuamini mila yoyote ya mababu. Wala sipendekezi mtu alazimishwe, maana yule anayetaka kuzilinda nywele zake hadi unywele wa mwisho ana haki hiyo sawasawa na mjane anayeukataa wembe wa wakwe.

Lakini kati ya yale matatu niliyoyataja mwanzoni, la tatu, siku inayojulikana ya kuisha, halirudishiki kwa wembe. Mfiwa alikuwa na siku ya kuanua matanga, mwenye eda alihesabu na kumaliza, morani alinyolewa mara moja akawa mzee. Nywele za mgonjwa wa kemo huanza kuota mwezi mmoja au miwili baada ya dripu ya mwisho, pengine zikiwa laini kuliko za awali au za rangi nyingine, na baada ya nusu mwaka au zaidi kidogo majirani humpongeza kwa kupona. Kwenye kadi yake ya kliniki hakuna neno hilo. Kuna tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na nyingine mitatu, kisha sita, kwa miaka. Na kila anaporudi anakaa kwenye benchi lile lile, safari hii akiwa na nywele, kando ya wale ambao bado hawana.